Uvimbe wa Damu Kichwani mwa Mtoto Mchanga: Namna ya Kufuatilia Fuvu na Kalsiamu

Mwongozo huu nauandikia wauguzi na wakunga wenzangu wa wodi na kliniki za Mombasa, kwa sababu uvimbe wa kichwa uliotokana na uzazi mgumu ukishaanza kuwa mgumu, wazazi huja wakiomba dawa ya kalsiamu, na wengine hupewa bila kupimwa mtoto.

Hatua ya kwanza ni kujua damu imekaa tabaka gani. Sefalohematoma, yaani uvimbe wa damu ulioshikamana na mfupa wa fuvu, hukaa kati ya mfupa na utando unaoufunika, ndiyo maana haivuki maungio ya fuvu, na mara nyingi hujitokeza saa kadhaa baada ya mtoto kuzaliwa. Ya kuogopwa ni damu iliyovuja juu ya utando huo, hasa baada ya mtoto kuvutwa kwa kifaa cha kufyonza: huo uvimbe huvuka maungio, hutikisika ukiguswa na huteremka hadi kisogoni na nyuma ya masikio. Mtoto wa kilo 3 ana takriban mililita 250 za damu mwili mzima, na nafasi hiyo iliyo juu ya utando yaweza kumeza sehemu kubwa yake. Akipauka na moyo ukienda mbio, mwite daktari papo hapo, wala usingoje majibu ya maabara.

Hatua ya pili, pima hemoglobini na bilirubini, kwa kuwa damu inayovunjika humletea mtoto manjano. Kalsiamu ya kila mtoto hushuka baada ya kitovu kukatwa, ikafika chini kabisa kati ya saa 24 na 48. Kwa aliyezaliwa mimba ikiwa imetimiza miezi yake, kalsiamu jumla iliyo chini ya milimoli 2 kwa lita ni pungufu. Ikiwa pungufu, usiulaumu uvimbe. Tafuta kama alikosa hewa wakati wa kuzaliwa, kama mama ana kisukari, au kama aliongezewa damu nyingi, kwani sitrati, dawa ya kuzuia kuganda iliyomo kwenye damu hiyo, hushika kalsiamu. Kisha pima magnesiamu na fosfati.

Hatua ya tatu, na hapa ndipo wengi hubabaika, ni kufuatilia ukingo wa sefalohematoma. Utando ulioinuliwa huanza kujenga mfupa mpya pembeni, hivyo baada ya wiki mbili au tatu kidole hukutana na ukingo mgumu uliozunguka katikati laini, na mtu akadhani fuvu limebonyea. Ukiwa na shaka, omba picha ya fuvu. Uvimbe mwingi hunywea ndani ya miezi mitatu. Ukibaki mgumu na kuharibu umbo la kichwa, mpeleke kwa daktari wa upasuaji wa ubongo.

Tofauti na hayo ni fuvu linalobonyea likiguswa kisha likarudi, mahali palipo mbali na uvimbe. Hapo chunguza vitamini D, ya mama pia, maana jua letu kali halimfikii aliyekaa ndani arobaini nzima. Mtoto anayenyonya hupewa yuniti 400 za vitamini D kwa siku.

Usiuchome uvimbe kwa sindano, kwani utaingiza vijidudu. Na bibi anayemkanda mjukuu kwa mafuta ya nazi aambiwe kwa heshima: "Bibi, mgongo na miguu kanda, ila hapa kichwani tupaache." Uvimbe ukiwa mwekundu, ukipata moto, au mtoto akikataa kunyonya, arudishwe siku hiyo hiyo.