Darubini ya joto ya bei nafuu: usinunue mita za kwenye boksi

Ukitafuta darubini ya joto ya kufunga kwenye bunduki, ile inayoonyesha joto la mnyama gizani, zile mita 1,200 zilizoandikwa kwenye boksi zisikutie wazimu. Huo ni umbali wa kuona doa jeupe, basi. Umbali wa kujua kama doa ni nguruwe mwitu au mbwa wa mtu haufiki hata robo ya hapo, na usipojua, hufyatui.

Anza na kihisi, kile kipande cha ndani kinachopokea joto na kulifanya picha. Cha pikseli 256 × 192 kinatosha windo la karibu, mita 100 hivi. Mfuko ukiruhusu, panda hadi 384 × 288. Hapo masikio na mkia vinaanza kujitenga na mwili. Ukuzaji wa kidijitali usikulaghai, unanenepesha pikseli tu. Kwa mnyama anayekimbia, hezi 50 (picha 50 kwa sekunde) ni bora kuliko 25. Usiku wa unyevu nao unataka kihisi chepesi kuhisi tofauti ndogo za joto. Tofauti hizo hupimwa kwa milikelvini: zikiwa chache, ndivyo bora.

Halafu omba kuijaribu nje. Ukiilenga kwenye kioo cha dirisha la duka hutaona mtaa, utajiona mwenyewe uking'aa, maana kioo hakipitishi joto hilo.