Vielezi vya Kiingereza kwa jambo lisilokoma: hatua tano za mwandika ripoti

Hapa Tanga nawasahihishia Kiingereza watu wanaoandika kwa ajili ya kazi: makarani wa mizigo, vijana wa mapokezi hotelini, mafundi wa mashamba ya mkonge. Sentensi ya aina hii hunijia sana: "The pump stopped continuously during the night shift." Fundi anamaanisha pampu ya maji ya mashine ya korona ilikuwa inazima, inawashwa, inazima tena. Aliyeuza pampu, akiwa Ujerumani huko, anabaki anajiuliza: ilikufa usiku kucha, au ilikuwa inakatakata? Korona hukwangua jani la mkonge likabaki singa, na inataka maji mengi. Pampu iliyokufa ina dawa yake, na inayokatakata ina dawa yake.

Hatua ya kwanza: lichore jambo lako

Chukua karatasi. Kama jambo halikukatika hata kidogo, piga mstari mmoja mrefu. Kama lilitokea, likaacha, likatokea tena, piga vistari. Mvua iliyonyesha mfululizo toka alfajiri hadi adhuhuri ni mstari. Ile ya manyunyu inayokuja na kukata, ukaanua nguo na kuzianika tena, ni vistari. Usiishie kwenye "kila wakati", maana Kiswahili chetu hulitumia kwa hali zote mbili.

Hatua ya pili: chagua neno

Mstari ni "continuously": "The generator ran continuously for six hours." Vistari ni "continually": "The power goes off continually." Maneno haya yanafanana kama mapacha, na wenye lugha yao nao huyachanganya wakizungumza, hasa hilo la pili. Kwa hiyo kwenye ripoti mimi silipendi. Kwa vistari tumia "repeatedly", au kitenzi "keep" kikifuatwa na kitenzi chenye -ing: "The pump kept stopping." Hapo hakuna wa kukuelewa vibaya.

Na kama kitabu cha zamu kina idadi, kielezi cha nini? Yule fundi angeandika hivi:

"The pump stopped four times between 22:00 and 02:00. Between stops, water flowed steadily. After 02:00 the pump ran continuously until the end of the shift."

Tazama "steadily" hapo katikati. Huo ni mstari pia, ila unaongeza habari: maji yalitoka kwa kasi ileile, hayakupanda wala kushuka. Kwa muuza pampu neno hilo lina uzito, kwa sababu linamwambia kwamba pampu ikiwaka inasukuma vizuri, basi aanze kutazama umeme. (Na saa mzigeuze, jamani. Saa nne usiku yetu ni 22:00. Ukiandika 4:00 umemhamishia tukio karibu na alfajiri, au alasiri.)

"Constantly" husimama katikati, hufaa mstari na vistari, kwa hiyo ni la mazungumzo zaidi kuliko la vipimo. "Nonstop" nalo ni la mazungumzo. "Round the clock" ni usiku na mchana, na hupendeza kwa huduma ya kupokezana: walinzi wa zamu tatu wanafanya kazi "round the clock", ingawa kila mmoja wao anakwenda kulala kwake. Wamarekani husema "around the clock".

Hatua ya tatu: angalia kama unalalamika

Hapa ndipo watu wanapogombana na wateja bila kujua. "You always ask for the invoice" ni taarifa: kila ukija unaomba ankara, ni kawaida yako. "You are always asking for the invoice" ni lawama, sawa na mtu wa hapa aliyechoka akisema "we kila siku wauliza ankara tu!" Sisi hasira tunaitia kwenye sauti, Kiingereza kimeitia kwenye umbo la kitenzi, na barua pepe haina sauti ya kukuokoa. "Constantly" na "forever" vikikaa na -ing hubeba kero hiyohiyo mara nyingi. "Incessantly" lina kero ndani yake lenyewe: mbwa kubweka, mtoto kulia, jirani na redio yake. Usimsifu mtu nalo. Mfanyakazi "who works incessantly" anaonekana ana matatizo.

Hatua ya nne: liweke mahali pake

Kielezi kinaweza kutangulia kitenzi kikuu: "We continuously checked the pressure." Kinaweza kwenda mwisho: "We checked the pressure continuously." Kisichoweza ni kujibana kati ya kitenzi na shamirisho, "We checked continuously the pressure", na hapo ndipo Kiswahili hutuponza, kwa kuwa "tulipima mfululizo presha" haimshtui mtu. Kukiwa na kitenzi kisaidizi au "be", kielezi hufuata hapo: "The phone is constantly ringing." "Nonstop" hukaa baada ya kitenzi na halitaki -ly: "They talked nonstop."

Hatua ya tano: taja muda

"It rained for three days" inatosha mara nyingi. "It rained three days in a row" ni kwamba kila siku mvua ilinyesha, hata kama ni jioni tu. Ukitaka msomaji ahisi urefu wenyewe, tumia "on end", tena na muda wa wingi: "We waited for hours on end." Usiseme "for one hour on end". Saa moja haijafika huko, hata kama ulikuwa unasubiri gari stendi juani.