Kapasita, redio na sufuria ya mama

Skuli yetu ya Wete haina vifaa vya bei, basi nafundisha kwa vilivyopo. Chukua kapasita (sahani mbili za metali zenye pengo kati yao, huhifadhi chaji) ya mikrofaradi 10, volti 50, isiyo na chanya wala hasi. Iunge mfululizo na rezista ya omu 470 na taa mbili za LED zilizogeuziana miguu. Funga madirisha. Kwa betri ya volti 9, taa moja inameta mara moja, basi. Weka transfoma ya AC, yaani umeme unaogeuka huku na huku, ya volti 12 (umeme wa ukutani usiuchezee!), taa zote zinawaka na kwa macho hazizimi, ilhali hakuna elektroni inayovuka pengo la sahani. Mwanafizikia Maxwell alisema uga wa umeme unaobadilika pale katikati huzaa usumaku kama mkondo wa waya.

Sasa mawimbi ya umeme na usumaku, yale ya redio. Washa redio ya AM pasipo na stesheni, sauti juu, ubonyeze kiwashio cha jiko la gesi karibu yake: kra! Hertz, mwanafizikia aliyethibitisha mawimbi haya, naye alianza na cheche kama hii. Ndani ya chungu, redio bado inakwaruza. Kwenye sufuria ya alumini, mfuniko ukibana, mikwaruzo inapotea. Sufuria niliichukua kwa mama bila kuomba, hajanisamehe.