Namba ya malezi: jinsi simu moja ya shule inavyomfikisha mtoto kwa mwenye msaada

Mimi ni mwalimu wa malezi na unasihi katika sekondari ya kata huku Mbagala. Nafundisha Kiswahili na Historia, na malezi nimepewa juu ya vipindi vyangu, kama walimu wengi wa malezi nchini. Wenzangu wa Temeke na Ilala huniuliza mfumo wetu wa kumfikisha mtoto kwa mwenye msaada unafanyaje kazi. Ni simu moja, laini moja, daftari la kuandika kwa mkono na faili moja la Excel. Naueleza wote hapa ili anayetaka aanze Jumatatu.

Simu iache kwanza mezani. Anza na karatasi ya njia, yaani orodha ya ofisi zinazoweza kumsaidia mtoto na namba zao. Mimi nilitumia siku mbili kuzunguka: kwa afisa ustawi wa jamii, kituo cha polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, kituo cha afya cha jirani, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Temeke. Wa Ilala ataanzia Amana, wa Kinondoni Mwananyamala. Kila nilipofika niliuliza mambo matatu: namba ya ofisi ni ipi, mtoto akija na mwalimu saa hizi anapokelewa na nani, na anatakiwa awe na nini mkononi. Hospitali niliuliza pia siku za kliniki ya afya ya akili na mlango wa kuingilia, maana mzazi aliyeomba ruhusa kazini akazungushwa asubuhi nzima, mara ya pili haji.

Juu kabisa ya karatasi hiyo andika 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, ambayo kuipiga ni bure. Kabla sijaibandika darasani niliipiga mwenyewe kwa laini isiyo na salio, nikiwa nimekaa ofisini. Watoto waliponiuliza, "Mwalimu, wanapokea kweli?" nilikuwa na jibu langu, si la kuambiwa.

Sasa laini. Mwombe mkuu wa shule isajiliwe kwa jina la shule. Nilipohamia hapa, namba iliyokuwa kwenye ubao wa matangazo ilikuwa ya mwalimu aliyekwishahama, na kila mzazi aliyepiga alijibiwa na mtu aliye mkoa mwingine. Weka WhatsApp Business, ambayo ni bure, kwa sababu inajibu yenyewe ukiwa umepumzika. Jibu langu la usiku linasema: "Ujumbe wako umefika. Mwalimu wa malezi yupo saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni. Kama mtoto yuko hatarini sasa hivi, usisubiri: piga 116 au nenda kituo cha polisi kilicho karibu." Saa hizo nazishika. Mtoto akishajua kwamba kuna saa ambazo lazima apokelewe, anaweza kuisubiri asubuhi.

Kuhusu magrupu ya wazazi nina msimamo mkali, na nimeupata kwa gharama. Mwaka wangu wa kwanza nilifungua grupu la wazazi wote wa kidato cha pili. Haikupita wiki tatu, mzazi mmoja akauliza mbele ya watu zaidi ya 100 kama ni kweli binti fulani ni mjamzito. Niliufuta ujumbe, lakini skrinshoti ilikuwa imeshafika mtaani. Yule binti hakuwa mjamzito, alikuwa anaumwa tu, na alikaa nyumbani mwezi mzima kwa aibu. Kosa lilikuwa langu. Nilitengeneza mahali ambapo kila mtu angeweza kusema lolote juu ya mtoto wa mwenzake, nikapaita msaada.

Siku hizi natumia orodha ya kutuma kwa wengi (broadcast) ya WhatsApp: naandika mara moja, kila mzazi anapokea peke yake, hawaonani namba, na akijibu jibu linakuja kwangu tu. Orodha moja inabeba watu 256. Ila ujumbe haumfikii ambaye hajaihifadhi namba yako kwenye simu yake. Kwa hiyo siku ya kikao cha wazazi tunaweka meza mlangoni, walimu wawili wanamsaidia kila mzazi kuihifadhi hapo hapo kwa jina "Malezi Shule". Ukiiruka meza hiyo, utatuma ujumbe mwaka mzima na nusu ya wazazi hawataupata.

Wenye kitochi tunawatumia meseji ya kawaida, isiyozidi herufi 160 ili isihesabiwe mbili. Na tumewaambia wazi: ukiwa huna salio, bipu, shule itakupigia. Vocha hiyo iombee kwenye bajeti ya shule tangu mapema, usiitoe mfukoni, kwa sababu mwezi utakaoishiwa ndio mwezi ambao mama fulani atabipu bure. Bibi anayelea wajukuu na hasomi vizuri, mtumie ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp ya jirani au kijana wake, lakini humo mwambie tu shikamoo na kwamba unaomba kuongea naye. Habari ya mtoto isipite masikioni mwa mwenye simu.

Sehemu inayonipa matunda kuliko zote ni mahudhurio. Mtoto anayeteseka mara nyingi hasemi, anaanza kukosekana. Kila Ijumaa nachukua madaftari ya mahudhurio ya madarasa na kuingiza waliokosa kwenye Excel, kwa namba ya usajili bila jina. Aliyekosa siku tatu ndani ya wiki mbili, mstari wake unageuka mwekundu, na jioni ile ile mzazi anapata meseji hii: "Habari za jioni Mama Fulani. Ni mwalimu wa malezi. Tangu Jumanne sijamwona mwanetu darasani, nimemkumbuka. Nikupigie saa ngapi tuongee?" Hakuna neno utoro, hakuna kuitwa shuleni. Nauliza saa kwa sababu wazazi wengi hapa ni wafanyabiashara ndogondogo. Mama lishe ukimpigia saa sita mchana unamkuta na foleni ya wateja, atajibu "ndiyo mwalimu" kwa kila kitu. Mpigie saa kumi, amekaa, anaosha masufuria, na mengi atayasema bila kuulizwa: baba ameondoka, kodi ya nyumba imeisha, mtoto halali usiku.

Wanafunzi wenyewe hawaruhusiwi kuja na simu shuleni, kwa hiyo wao njia yao ni nyingine. Simu ya shule iko ofisini kwangu, na mwanafunzi yeyote anaweza kuomba kupiga 116. Mimi natoka nje, nakaa kwenye benchi mahali ninapomwona bila kumsikia. Akiwa nyumbani atatumia simu ya mzazi au ya kaka, na meseji yake inaweza kusomwa na yule yule anayemuumiza. Kwa hiyo mfundishe sentensi ya kawaida mliyokubaliana ninyi wawili, mfano ya kuomba maswali ya somo, yenye maana ya "nahitaji kuongea nawe kesho". Usimjibu kwa kumuuliza kuna nini. Mjibu kuhusu somo, asubuhi mtafute.

Siri za watoto zisikae kwenye simu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za watoto na za afya kuwa nyeti. Zima picha kujihifadhi zenyewe, zima nakala zinazopanda kwenye akaunti ya Google ya mtu, weka nywila. Mazungumzo yenyewe naandika kwenye daftari linalofungiwa kabatini. Kwenye simu inabaki tarehe na hatua iliyofuata.

Na kuna siku ambapo simu inawekwa chini kabisa. Mtoto akisema anataka kufa, usimtumie namba, usimwache peke yake hata akienda chooni. Kaa naye, mwite mzazi unayemwamini, mwende hospitali pamoja. Akiwa amebakwa, hospitali ni siku hiyo hiyo, kwa sababu dawa za kumkinga na VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na zikianza mapema ni bora zaidi. Kama anayemuumiza ni wa nyumbani kwake, usipige nyumbani. Piga ustawi wa jamii na Dawati.

Kila wiki ya kwanza ya mwezi napiga namba zote za kwenye karatasi ya njia, moja baada ya nyingine, nione kama bado zinapokelewa. Mwezi uliopita mbili hazikupatikana. Jumamosi nilipanda daladala nikaenda kuzitafuta mpya, na Jumatatu kabla ya paredi tulikuwa tumebandika karatasi nyingine kwenye kila darasa.