Somo: Kupima dondoo la mmea kwenye seli za saratani

Somo hili ni la wewe uliyeanza uzamili hapa Nairobi na tayari una gunia la magome chini ya meza. Mfano wangu ni muiri, kama Wakikuyu wanavyouita, yaani Prunus africana.

Hatua ya 1: Jina kwanza. Kabla ya kusaga chochote, peleka tawi lenye majani, na maua ukiyapata, kwenye hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, ya Makumbusho ya Taifa, litambuliwe na lipewe namba. Magome ya sokoni mimi siyagusi, maana muuzaji huchanganya. Tena muiri umo tangu 1995 kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo usiubambue mti kuuzunguka, utakufa.

Hatua ya 2: Anika kivulini, saga, loweka kwenye methanoli siku mbili tatu, chuja, kausha. Kinachobaki ndicho dondoo. Kiyeyushe kwa DMSO, kimumunyo cha maabara, ila ndani ya kisima, yaani kishimo cha sahani ya kupimia, DMSO isizidi asilimia 0.5. Ikizidi, itaua yenyewe nawe utausifu mti bure.

Hatua ya 3: Seli. Tunatumia HeLa, seli za saratani ya mlango wa kizazi zilizotoka kwa Henrietta Lacks kule Baltimore mwaka 1951, bila yeye kuulizwa. Kando yake weka Vero, seli za figo la tumbili ambazo hazikutoka kwenye saratani. Usiruke Vero. Hata dawa ya kusafishia choo huua HeLa. Swali ni kama inabakiza nyingine.

Mwaga seli kama 10,000 kwa kila kisima kwenye sahani ya visima 96, uziache usiku kucha kwenye inkubeta, kabati la joto la kukuzia seli, nyuzi 37 na kabonidioksidi asilimia 5, zishike chini. Kesho yake tia dondoo: mikrogramu 100 kwa mililita, 50, 25, ukishuka hivyo kwa nusu. Acha saa 48. Tenga visima vya doksorubisini, dawa ya saratani ya kulinganishia, vya seli zilizotiwa DMSO bila dondoo, na vya dondoo bila seli.

Hatua ya 4: MTT. Hii ni rangi ya manjano ambayo seli hai huigeuza zambarau. Baada ya saa nne mwaga maji, yeyusha fuwele kwa DMSO, soma kwenye nanomita 570.

Hapa ndipo nilipoumia. Sahani yangu ya kwanza ilitoka zambarau tupu, nikaandika daftarini kwamba dondoo halifai kitu. Miezi miwili baadaye, nikirudia na visima visivyo na seli, navyo vikageuka zambarau! Kumbe dondoo lenyewe lilikuwa linaigeuza rangi. Mimea yenye tanini na polifenoli nyingi hufanya hivyo. Siku hizi huosha seli kabla ya kutia MTT, na huzitazama kwa hadubini kwanza. Seli zilizokufa huonekana: zimejikunja, zinaelea.

Mwisho tafuta IC50, kiasi kinachopunguza ukuaji hadi nusu, kwa HeLa na kwa Vero.

MASWALI

Swali: Nimepata IC50 ya 18 kwa HeLa na 21 kwa Vero. Niandike kwamba ni dawa?
Jibu: Hapana, ndugu yangu. Gawa 21 kwa 18, unapata 1.2 hivi. Hiyo ni sumu isiyobagua. Lakini usiitupe, itenganishe vipande kwa vimumunyo tofauti, upime kila kipande.

Swali: Stima ikipotea usiku je?
Jibu: Kama hakuna jenereta, usifungue mlango wa inkubeta kuchungulia. Nyuzi zikishuka sana, sahani hiyo ni ya kutupa, hata kama matokeo ni mazuri. Hasa kama ni mazuri.

Swali: Shangazi yangu ana saratani ya matiti na anakunywa muarobaini. Nimwambie nini?
Jibu: Pole sana. Sahani haina ini wala damu, kwa hiyo haiwezi kumjibu shangazi. Vinkristini, dawa ya saratani, ilitoka kwenye ua la Madagaska, lakini mgonjwa hupewa kipimo cha miligramu chache, si sufuria ya majani. Mwombe amwambie daktari wake kila anachokunywa, kabla ya kemo inayofuata.