Kabla ya kununua kompyuta mpya za ofisi, angalia diski kwanza

Kompyuta ya ofisi ikianza kujikokota, usikimbilie kuitupa. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja wakati mtu anaendelea na kazi zake za kawaida, kisha kwenye dirisha la Task Manager linalofunguka, tazama kumbukumbu na diski zinavyotumika. Diski ikigota asilimia 100 huku prosesa (ubongo wa kompyuta) imetulia, mara nyingi mkosaji ni ile diski ya zamani inayozunguka. Weka SSD, yaani diski ya kisasa isiyozunguka, na mashine iliyokuwa ikichukua dakika kadhaa kuwaka itakuwa tayari kabla mtu hajakaa sawasawa. Kumbukumbu ikijaa, ongeza RAM, ndiyo kumbukumbu yenyewe, kutoka GB 4 hadi 8 au 16, ila hakikisha kwanza haijachomelewa kwenye ubao mkuu wa kompyuta; laptopu nyingi nyembamba haziongezeki.

Kinachoamua zaidi ni usalama. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) pamoja na prosesa inayokubalika, ambayo kwa Intel ni kuanzia kizazi cha 8 kwa ujumla. Wakati mwingine TPM ipo ila imezimwa kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayofunguliwa kompyuta inapowaka, kwa hiyo pekua huko kabla ya kukata tamaa. Mashine inayobaki bila masasisho isiguse benki wala taarifa za wateja, hata kama bado ina kasi.

Matengenezo yakifika nusu ya bei ya mpya, badilisha. Usizibadilishe zote kwa mkupuo. Theluthi moja kwa mwaka inatosha.