Kuunga vigae vya kikombe cha Wagiriki wa kale, mi nafanya hivi

Hivi vikombe vya Athens vya kunywea divai vinaitwa kiliksi, ni kama bakuli pana lisilo na kina, lina mguu na mikono miwili. Kikivunjika unabaki na vigae vyembamba kibao mpaka unachoka kuviangalia, ila vinarudi taratibu.

1. Usikimbilie maji. Piga picha kila kigae pande zote mbili, kipe namba. Rangi nyeusi inayong'aa imeiva tanurini haitoki kirahisi, lakini nyeupe na ile nyekundu ya damu ya mzee zilizopakwa juu yake zinabanduka upesi mno, hapo brashi usipeleke kabisa. Kwingine brashi laini na maji yasiyo na chumvi, kimoja kimoja. Siki na asidi weka mbali jamani!

2. Geuza upande wa ndani. Hapa ndo wengi wanakosea, wanaanza kutafuta picha, mara mguu wa mtu mara mkia wa farasi, wakati alama za gurudumu la mfinyanzi ndo zinakwambia kigae kinakaa wapi. Mulika tochi kwa ubavu utaziona, karibu na kitovu cha kikombe zinapinda sana, ukielekea ukingoni zinanyooka, na vigae viwili vikipakana lazima zipite moja kwa moja bila kukatika. Kwa mwanga huohuo, kwenye vikombe vya picha nyekundu (picha zimeachwa na rangi ya udongo, nyeusi imepakwa kuzizunguka, vilianza mwaka 520 KK hivi) utaona na mikwaruzo ya mchoro wa awali ambayo mchoraji alipiga kabla ya kupaka, mi hiyo imeshanipatia maungio ambayo picha yenyewe haikuonyesha kitu.

3. Vigae vya ukingo pima kwenye chati ya miduara upate kipenyo.

4. Panga vyote vikavu kwa tepu kwanza. Niliwahi kugandisha haraka, kosa dogo la kitovuni likakua kila kigae nilichoongeza, cha mwisho kikagoma kuingia, nikafungua kazi ya wiki nzima. Kilichoniokoa ni gundi, Paraloid B-72, inayeyuka tena kwa asitoni. Supaglu marufuku. Anzia kitovuni uende nje, kigae kikae kwenye trei ya mchanga mpaka kikauke, na kisipokaa usikisugue kingo.

5. Ukikuta vitundu viwili viwili kando ya mpasuko, hayo ni matengenezo ya Wagiriki wenyewe, walikuwa wanabana kwa risasi au shaba, kuna mtu alikipenda hicho kikombe akakishona. Usije ukaviziba na plasta.